Kabla Hujaomba Mtambo Mpya, Chungulia Tanuri

Wahandisi vijana wanaoingia kwenye viwanda vya kusafisha mafuta huniuliza waanzie wapi wakitaka kupunguza fueli inayochomwa, kupata dizeli zaidi na kupunguza moshi. Wengi huja na orodha ya vitu vya kununua. Mimi huwaambia wavae kinga ya uso, waende kwenye tanuri la mafuta ghafi, wasimame ubavuni mwa kitundu cha kuchungulia, wakifungue taratibu na wautazame moto kwa robo saa.

Mafuta ghafi huingia kwenye mnara wa kukenekea, unaoyatenganisha kwa viwango vya kuchemka, yakiwa na joto la nyuzi 350 hadi 370 hivi za Selsiasi. Sehemu ya joto hilo hutoka kwenye vibadilisha joto, yaani mafuta ya moto yanayotoka mnarani huyapasha yale yanayoingia. Kinachobaki hukamilishwa na tanuri. Kwa hiyo uchafu wowote kwenye vibadilisha joto, au uzembe wowote mahali pengine, hulipiwa tanurini, na risiti yake hutoka juu ya dohani.

Nilipokuwa msimamizi wa zamu, tulikuwa na tanuri ambalo kipimo cha dohani kilionyesha oksijeni asilimia 6. Tulitaka iwe 3. Tukafanya lililoonekana sahihi: tukabana hewa kwenye vichomeo. Oksijeni ikashuka kidogo tu, lakini miali ikaanza kurefuka, ikageuka njano, ikawa inayumbayumba na kulamba mirija inayopitisha mafuta. Kabonimonoksaidi, gesi ya fueli isiyoungua kikamilifu, ikapanda. Na bado kipimo kilisema hewa ni nyingi.

Ilituchukua siku kadhaa kuelewa. Kipimo kilikuwa juu dohanini, na hewa ilikuwa ikiingia njiani, kupitia nyufa za bati na pale mirija inapopenya ukuta. Hewa hiyo haikupita kwenye vichomeo wala haikuchoma chochote. Iliingia baridi, ikapashwa moto kwa fueli yetu, ikatoka. Vichomeo vilikuwa na njaa ya hewa huku chumba cha udhibiti kikiona vimeshiba.

Tangu siku ile nafuata mpangilio mmoja. Kwanza ninaziba nyufa. Kisha narekebisha dampa ya dohani, yaani kibao kinachobana au kuachia mvuto, mpaka shinikizo kwenye paa la chumba cha moto liwe hasi (chini ya lile la nje) kidogo tu, kama milimita 2 au 3 za maji, kwa sababu mvuto ukizidi, tanuri hunyonya hewa kila penye tundu. Baada ya hapo ndipo naugusa mlango wa hewa wa kichomeo, nikisoma oksijeni pale moto unapoishia, si dohanini peke yake. Hewa ya ziada ikipungua, fueli hupungua, na oksidi za naitrojeni nazo hushuka.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Ukikuta chumba cha moto kimejaa ukungu na kabonimonoksaidi inapaa, usikimbilie kufungua hewa. Punguza fueli kwanza. Hewa ikiingia ghafla ndani ya tanuri lililojaa gesi ambayo haijaungua, linaweza kulipuka.

Kuhusu vibadilisha joto sina mengi. Andika kila siku halijoto ya mafuta ghafi yanapoingia tanurini. Ikianza kuteremka wiki hadi wiki, tafuta ni kibadilisha joto kipi kimeziba, usafishe hicho. Na usiache mtambo wa kuondoa chumvi ujiendeshe. Kloraidi za magnesiamu na kalsiamu zikipita pale, joto huzigeuza kuwa asidi ya haidrokloriki, ambayo huyeyuka kwenye maji ya juu ya mnara na kutafuna mabomba. Bomba likitoboka, mtambo unasimama, na kuuwasha upya huchoma fueli na kupeleka gesi kwenye mwenge, yaani mnara unaochoma gesi ya ziada.

Dizeli ndiyo iliyonifundisha kuheshimu maopereta wa siku nyingi. Tulipeleka maabara sampuli ya mafuta mazito yanayotoka chini ya mnara, ikaonekana sehemu kubwa yake inachemka chini ya nyuzi 360. Hiyo ilikuwa dizeli yetu, imeondoka na mafuta mazito. Mvuke unaoingizwa chini ya mnara ndio hupandisha sehemu hizo nyepesi, na mvuke wetu ulikuwa umebanwa karibu nusu ya kiwango cha usanifu. Nilikuwa tayari kuandika barua ya kulaumu zamu. Bahati nzuri nilimuuliza kwanza opereta mmoja mzee. Akaniambia kwamba miaka ya nyuma mvuke uliwahi kuja na maji. Maji yakiingia penye joto la namna ile hugeuka mvuke papo hapo, na ujazo wake hukua zaidi ya mara 1,000. Trei za chini, zile sahani za ndani ya mnara, zilipinda. Tangu hapo kila zamu iliirithisha nyingine hofu ile, na hofu yenyewe ilikuwa ya haki.

Tukaenda kwenye bomba. Trepu ya mvuke, ile inayotoa maji kabla hayajafika mnarani, ilikuwa imekwama, na bomba nyuma yake halikuwa na joto lilipotakiwa kuwa moto kabisa. Tukabadilisha trepu, tukayamwaga maji yote, tukaongeza mvuke kidogo kidogo kwa saa kadhaa huku tukiangalia shinikizo la mnara. Sampuli zilizofuata zilionyesha dizeli imerudi mahali pake. Kifaa kilichofanya kazi hiyo unaweza kukibeba kwa mkono mmoja.

Upande wa salfa, ukiwa na mtambo wa Claus, unaogeuza haidrojeni salfaidi kuwa salfa, pigania uwiano wa haidrojeni salfaidi na salfa dioksaidi ubaki 2 kwa 1. Hewa ikizidi au ikipungua, salfa ambayo ungeiuza inaondoka na gesi ya mwisho, na kazi ya kuinasa inaangukia mtambo unaofuata.

Mwenge nao hudanganya macho. Watu huona mwali usio na moshi wakaridhika. Lakini mvuke ukizidishwa ili kuua moshi, huupoza mwali, na gesi hupita bila kuungua vizuri. Ongeza mvuke mpaka moshi mweusi ukatike, kisha acha hapo. Na kabla ya kuhangaika na mwali, uliza gesi ile inatoka wapi. Mimi na opereta mmoja tuliwahi kuzunguka usiku, valvu kwa valvu, tukiwa na tochi na kisikilizio cha sauti za masafa ya juu ambazo sikio halisikii. Kwenye bomba moja linalotoka kwenye valvu ya usalama ya mtungi wa gesi nyepesi tulikuta barafu nyembamba, wakati mabomba ya jirani yalikuwa makavu. Valvu ilikuwa inavuja kuelekea mwenge, na gesi ilikuwa ikipoa kila inapotanuka. Tukahamia kwenye valvu ya akiba, na kabla ya zamu kuisha mwali ulikuwa umeshuka kiasi cha kuonekana kwa macho.