Troponini imepanda? Kwanza taja tarehe uliyochomwa

Juzi dada mmoja wa Newala kanitumia picha ya karatasi ya maabara. "Shikamoo mwalimu, mume wangu ndo ana shambulio la moyo?" Mumewe katoka Dar wiki hii hii kuchomwa moyo (kuunguzwa kidogo kwa ndani) kwa katheta, ule mrija mwembamba, na troponini, kipimo cha damu cha msuli wa moyo kuumia, iko juu mno. Marahaba dada. Karatasi ya namna hiyo naijua, ilishanitoa roho.

Mimi nilikuwa na atiria fibrilesheni: vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma damu. Dar wakapitisha mrija kwenye mshipa wa kinenani mpaka moyoni, wakachoma kuzunguka midomo ya mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, ili mtetemo huo utulie. Safari ya basi sisimulii.

Nimerudi Mikindani, nikivuta pumzi kifua kinachoma. Nikapelekwa kituo kimoja, sikitaji. Kijana katoka na majibu, hakuniangalia, akamwambia mke wangu mbele ya foleni nzima: "Mzee ana shambulio la moyo." Hata plasta ya kinenani hakuuliza ni ya nini! Kabla ya magharibi shemeji yangu keshafungua michango kwenye grupu la ukoo.

Troponini hukaa ndani ya chembe za msuli wa moyo. Chembe ikifa, humwagikia kwenye damu. Sasa kuchoma si ndiyo kuua chembe kwa makusudi? Itaachaje kupanda? Hupanda saa za mwanzo, kisha hushuka kwa siku kadhaa. CRP, kipimo cha uvimbe mwilini, huchelewa kidogo, kilele chake siku ya 2 au ya 3.

Ndugu zangu wa kusini, tubadilike. Stakabadhi za korosho tunazitunza miaka, karatasi ya hospitali tunafungia ming'oko. Tembea nayo. Taja tarehe uliyochomwa kabla hujatolewa damu, na majibu yakija itaje tena. Omba ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, omba troponini irudiwe baada ya saa chache waone inapanda au inashuka, na wampigie daktari aliyekuchoma.

Sisemi mkae nyumbani. Kifua kikibana sana, ukiishiwa pumzi au ukizimia, kimbia hospitali. Homa au shida ya kumeza wiki chache baadaye ni hatari zaidi, maana umio unapita nyuma ya moyo palepale walipochoma. Hapo usikubali kamera ya kooni kabla hawajaongea na aliyekuchoma. Na dawa ya kuzuia damu kuganda usiiache angalau miezi 2, hata ukijiona mzima. Nasema usiiache.

BNP yangu, ile inayopanda moyo ukielemewa, ilishuka miezi iliyofuata. Leo napanda kilima cha Mikindani vijana wakihema nyuma yangu. Ile michango tu ndiyo sijaiona, shemeji anasema bado anapiga hesabu.