Barua kwa mwanangu: duka lifungwe kwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama mtu aliyezeekea kwenye biashara anaweza kuwa balozi mzuri. Nitakujibu lile linaloniwasha zaidi: siku akiteuliwa, biashara yake aifanye nini? Jibu langu unalijua tangu ungali shuleni. Duka lifungwe kwanza.

Ndiyo maana namrudia Dwight Morrow kila mara. Alikuwa mwanasheria, na tangu 1914 mbia wa benki ya J.P. Morgan. Rais Calvin Coolidge, waliyesoma naye chuo cha Amherst, alimteua balozi wa Marekani nchini Meksiko mwaka 1927. Kampuni za mafuta za Kimarekani zilikuwa zinailalamikia sheria ya 1925, iliyotaka haki zao za kabla ya katiba ya 1917 zigeuzwe vibali vya miaka 50. Waasi wa Kikatoliki walioitwa Cristeros walikuwa vitani na serikali iliyolibana kanisa lao. Juu ya hayo kulikuwa na deni la Meksiko, na kamati ya wadai wa nje iliongozwa na Thomas Lamont, mbia wa benki ileile. Nani Meksiko asingedhani kwamba ametumwa mdai? Morrow akajitoa kwenye ubia kabla ya kwenda.

Alikabidhi hati zake za utambulisho tarehe 29 Oktoba. Siku chache baadaye Rais Plutarco Elías Calles akamwalika kifungua kinywa shambani kwake. Hapa huwa natabasamu peke yangu. Morrow hakuweka madai mezani. Tarehe 8 Novemba, wakiwa tena kwenye kifungua kinywa, Calles mwenyewe ndiye aliyeuliza suala la mafuta limalizweje. Morrow hakutaka sheria ifutwe kwa amri kutoka Washington. Alisema uamuzi wa mahakama za Meksiko zenyewe ungetosha. Tarehe 17, siku 9 tu baadaye, Mahakama ya Juu ya Meksiko ikaamua kwa faida ya kampuni moja ya mafuta. Mapema 1928 sheria ikarekebishwa, ukomo wa miaka 50 ukaondolewa. Aliyezoea kuandika mikataba anajua kwamba mwenzako hakubali mpaka apate njia ya kukubali bila kuaibika.

Lakini ngoja. Mahakama inayoamua ndani ya siku 9 baada ya rais kunywa kahawa na balozi, je, ilikuwa huru? Haikuwa. Na Calles alikuwa na shida zake za hazina na vita, huenda angesuluhisha hata na balozi mwingine. Nakubali. Hata hivyo balozi aliyemtangulia Morrow alikuja na mabavu, akaondoka mikono mitupu.

Ushahidi wangu mkubwa ni wa 1930. Lamont alitia saini mapatano na Meksiko ili wenye hatifungani za nje walipwe. Morrow akayapinga. Hoja yake ilikuwa ya kibenki kabisa: mdaiwa asiyeweza kulipa wote asilipe kundi moja kwanza, wadai wote, wa ndani na wa nje, wahesabiwe pamoja kama inavyofanywa kwa aliyefilisika. Aliyemkatalia ni rafiki na mbia wake wa zamani! Angekuwa bado na hisa pale, asingethubutu, na kama angethubutu nani angemwamini? Leo Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu mahusiano ya kidiplomasia, ibara ya 42, unamkataza mwanadiplomasia kufanya biashara kwa faida yake katika nchi alikotumwa. Mapato ya nyumbani kwao ibara hiyo haiyagusi, na hapo ndipo wengi wanapojificha.

Najua kaka yako atanitupia Joseph Kennedy, balozi London kuanzia 1938 hadi 1940, aliyebaki na kampuni yake ya kuingiza wiski Marekani mpaka alipoiuza 1946. Sikufichi, kilichomwangusha si wiski. Ni mdomo: Novemba 1940 gazeti la Boston lilimnukuu akisema demokrasia imekwisha Uingereza. Kwa hiyo kufunga duka hakutoshi. Bado nasema lifungwe.

Kinachoniuma ni habari ya kanisa. Morrow ndiye aliyeandaa padri Mmarekani John Burke akutane na Calles kwenye ngome ya San Juan de Ulúa, Aprili 1928. Juni 1929 Rais Emilio Portes Gil, aliyemfuata Calles, na maaskofu wakapatana, misa zikarudi. Cristeros, waliopigana karibu miaka 3, hawakuwa mezani. Waliambiwa waweke silaha, na wengi wakauawa baadaye. Ni tabia ya kazi ya mikataba: unakaa na mwenye mamlaka ya kutia saini, anayeubeba mkataba mgongoni humwiti. Lakini kama angengoja wote waingie chumbani, vita vingeendelea mpaka lini?

Usinisukume niseme kama alikuwa balozi mzuri. Nikisoma Novemba 1927, nasema ndiyo bila kusita. Nikifika Juni 1929, nafunga kitabu.

Wasalimie wote.

Baba yako