Kabla ya kununua mashine ya kujiazimia vitabu

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya maktaba ya umma hapa Lindi. Tumepata fungu la fedha, na muuzaji mmoja ametuletea pendekezo la mashine ambayo msomaji anajiazimia kitabu mwenyewe, pamoja na lango linalolia kitabu kikitolewa bila idhini. Anasema itapunguza kazi na kukomesha upotevu. Tununue? – Mwalimu mstaafu, Lindi

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Msinunue, angalau kwa sasa.

La kupunguza kazi halina maneno mengi. Kaeni kaunta wiki moja mhesabu wanaoazima na wanaokuja kusomea humo humo. Katika maktaba zetu nyingi za mikoani, wanafunzi huja na madaftari yao kutafuta meza, mwanga na utulivu. Hao hawapangi foleni ya kuazima, na bila foleni mashine hii haina kazi.

Hilo la upotevu ndilo linaloniudhi, maana ndilo linalouza mashine hizi. Mashine haikijui kitabu. Inasoma namba tu, kutoka kwenye msimbopau, ile mistari myeusi inayosomwa na skana, au lebo ya redio, yaani RFID, inayosomwa kwa mawimbi bila kuguswa. Katalogi ya kompyuta ndiyo inayojua namba hiyo ni ya kitabu gani, nakala ipi, na iko kwa nani. Kitabu kisichoorodheshwa, kwa mashine hakipo. Sasa Mwalimu, ni vitabu vyenu vingapi ambavyo bado vimo kwenye rejista ya karatasi peke yake? Mara ya mwisho mlihesabu rafu kwa rafu lini? Bila hesabu hiyo hamtajua hata kama upotevu umepungua.

Na lango nalo linahisi lebo tu. Lebo ikibanduliwa, au ikifunikwa kwa karatasi ya foili, kitabu kinapita kimya kimya. Tena yupo msomaji aliyeazima kihalali, akahama mji, akabadilisha namba ya simu, wala hakuna aliyemfuatilia. Lango litamfanya nini huyo?

Wauzaji hawa hawagusii hayo. Wakishaona fungu lipo, wanaleta skrini inayong'aa, na wakubwa wanaipenda kwa sababu ina sherehe ya uzinduzi. Katalogi haikatiwi utepe. Muulizeni wenu kama lebo zake zinafuata ISO 28560, kiwango cha kimataifa cha lebo za RFID za maktaba, na kama mashine inawasiliana na mfumo wa maktaba kwa itifaki ya SIP2, yaani lugha ya pamoja ambayo mashine na mifumo ya kampuni mbalimbali huelewana kwayo. Akiwajibu kwamba mfumo ni wake na hauhitaji hayo, muageni. Siku akifunga ofisi, kumbukumbu zenu zitabaki ndani ya programu msiyoweza kuihamisha, na mashine itakula vumbi na chumvi ya bahari ikimsubiri fundi kutoka Dar es Salaam.

Fedha ziwekeni kwenye kompyuta, skana ya msimbopau, betri ya kushikilia umeme unapokatika, na malipo ya watu wa kuorodhesha kitabu kimoja kimoja. Vijana waliosomea ukutubi Bagamoyo wapo, na kazi hiyo wanaiweza. Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, haina ada ya leseni, ingawa inahitaji mtu wa kuitunza na kuhifadhi nakala za kumbukumbu. Ndani yake tayari mna ukurasa wa kujiazimia. Foleni ikija kutokea, kompyuta ya kawaida na skana vitatosha.

Haya si ya maktaba tu. Shule inauziwa mfumo wa matokeo wakati orodha ya wanafunzi wake haijakamilika. Zahanati inauziwa programu ya dawa wakati leja ya stoo ina mapengo. Muuzaji anaondoka na pesa, na anayelaumiwa ni karani aliyeachiwa mashine tupu. Kwa hiyo kwenye kikao kijacho, mtakeni muuzaji aikague rejista yenu kwanza, kisha aandike nani ataingiza vitabu vyote kwenye mfumo, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani. Asipoandika, msisaini.