Usihesabu mabao: ninavyowapima vijana wa hoki kabla ya drafti ya NHL

"Shikamoo kaka. Nimesoma orodha zote za drafti na kila mtu ana namba moja wake. Wewe Schaefer ulimwonaje mapema vile? Na mimi nataka kuwa skauti."

Ujumbe huu umetoka kwa kijana wa Kitanzania anayeishi Edmonton, Canada. Drafti anayoitaja ni pale timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini, zinapochagua vijana wapya kwa zamu, na skauti ni mtu anayezitafutia timu vipaji. Nimeurudia kuusoma kwa sababu ni nadra mtu kuniuliza swali hilo kwa heshima namna hiyo.

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwenye simu nikaona maneno hayaishi. Tena najua hauko peke yako. Wengi mnaosoma hapa mna ndoto ileile niliyonayo mimi: siku moja kukaa meza moja na timu ya NHL usiku wa drafti, na jina linalotajwa liwe limetoka kwenye daftari lako.

Nianze na huyo Matthew Schaefer. Vuli ya 2024 gumzo kubwa lilikuwa la James Hagens, mshambuliaji Mmarekani, na kijana kweli ana kipaji. Mimi nilikuwa nimeshamweka juu kabisa Schaefer, beki wa timu ya vijana ya Erie Otters mwenye miaka 17. Kisha Desemba 27, pale Ottawa kwenye mashindano ya dunia ya vijana, Canada ikicheza na Latvia, akajigonga kwenye mwamba wa goli na kuvunjika mtulinga. Msimu wake ukaishia hapo: mechi 17 za ligi ya vijana ya Ontario, pointi 22 (kila bao au pasi ya bao ni pointi moja). Huku Michael Misa wa Saginaw anamaliza msimu na pointi 134. Watu wakaanza kuniambia nimshushe Schaefer, eti hajaonekana vya kutosha. Sikumshusha. Juni 2025 New York Islanders, waliobahatika kuruka hadi nafasi ya kwanza kwenye bahati nasibu inayoamua timu dhaifu ipi ichague kwanza, walimwita yeye. Misa akachukuliwa wa 2 na San Jose, Hagens wa 7 na Boston. Kufikia Juni wengi walikuwa wameshamkubali Schaefer, hilo nalisema wazi. Lakini daftari langu lina tarehe, na tarehe zile ni za vuli.

Sasa niliona nini? Niliona shingo. Wapinzani wakikitupa kisahani, kile kidude cha raba kinachochezwa badala ya mpira, kwenye kona ya nyuma, beki anageuka na kukimbilia ukutani akiwa amewapa mgongo watu wawili wanaokuja kumgonga. Beki wa kawaida anakitazama kisahani tu. Anakifikia, anainua kichwa, na wakati huo bega la mtu limeshamfikia kifuani. Schaefer anageuza shingo kushoto, kulia, kisha kushoto tena, kabla gongo lake halijagusa chochote. Akifika ameshajua atatokea wapi. Anaegemea kisigino cha kiatu kimoja, anakata kona ndogo, na wale wawili wanaishia kugonga ubao. Takwimu haziandiki chochote hapo. Hakuna bao, hakuna pasi ya bao, na mashabiki hawapigi makofi. Mimi naandika.

Jicho hilo sikulipata Canada. Nililipata Nairobi, kwenye hoki ya nyasi, na hapa mnivumilie kidogo. Shuleni tulikuwa na mwalimu aliyekuwa akitunyang'anya mpira katikati ya mazoezi na kutuambia tuendelee kucheza bila mpira, kila mtu akimbilie pale ambapo angepaswa kuwa. Tulimchukia. Baadaye, tulipoanza kwenda kuangalia mechi kwenye uwanja wa hoki wa City Park, nikagundua kwamba naangalia watu ambao wenzangu hawawaangalii. Nilipohamia Ontario na kuingia uwanja wa barafu kwa mara ya kwanza, baridi ilinitesa, lakini mchezo niliutambua.

Miaka kadhaa nikawa natoka kazini ghalani asubuhi, nalala, jioni naenda kwenye mechi za vijana na daftari. Nilipoona ripoti zangu zimekomaa nikampelekea mkuu mmoja wa timu ya vijana, ambaye simtaji jina, nikamwomba anijaribu hata bila malipo. Akaniuliza nilicheza hoki wapi. Nikamwambia Nairobi, kwenye nyasi. Akacheka, akasema huo si mchezo wao, akanirudishia karatasi zangu hajafungua ukurasa wa pili. Bado inaniuma. Kenya ilimaliza ya 4 kwenye Kombe la Dunia la hoki ya nyasi mwaka 1971. Vijana wa Ice Lions, timu ya Kenya ya hoki ya barafu, waliojifunzia barafu kwenye kiwanja kidogo cha Hoteli ya Panari walikwenda Toronto mwaka 2018 wakacheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mtu asikuambie macho yako hayana uraia wa kuangalia mchezo huu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: usihesabu mabao. Chagua mchezaji mmoja na umwangalie zamu zake zote, yaani kila anapoingia barafuni kutoka benchi, kisahani kikiwa kwake au kisiwe kwake. Mechi ya vijana ina mtego mkubwa. Mshambuliaji mwenye nguvu za mwili anaweza kuvuna pointi nusu ya msimu wakati mpinzani mmoja ametolewa na nafasi ni tele. Akifika kwa watu wazima, nafasi ile haipo tena. Muulize maswali yako wakati timu ziko sawa, watano kwa watano: akipoteza kisahani, anarudi au anainamia gongo lake? Zamu ikikaribia kuisha na mapafu yanawaka, anarudi kulinda au anatafuta benchi?

La pili ni tarehe ya kuzaliwa, na hili wengi wanalipuuza. Ili uingie drafti lazima uwe umetimiza miaka 18 kufikia Septemba 15 ya mwaka ule. Auston Matthews alizaliwa Septemba 17, 1997. Siku mbili zile zilimfungia nje ya drafti ya 2015. Akaenda kucheza na wanaume Zürich, Uswisi, kisha Toronto wakamchukua wa kwanza 2016. Schaefer alizaliwa Septemba 5, 2007, siku 10 tu kabla ya mlango kufungwa. Kwenye drafti ileile alikuwemo Porter Martone, mzaliwa wa Oktoba 26, 2006, aliyechukuliwa wa 6 na Philadelphia. Martone ni mchezaji mzuri sana, lakini amemzidi mwenzake zaidi ya miezi 10, na katika umri huo miezi 10 ni kilo za misuli na mechi nyingi za uzoefu. Ukimkuta mtoto wa Agosti anabanana sawa kwa sawa na wa Oktoba wa mwaka uliotangulia, piga mstari chini ya jina lake. Kwa hiyo wale waliokuwa wanahesabu mechi 17 na pointi 22 walisahau kuhesabu na umri.

Kimo usikipuuze, ila kisikutawale. Marehemu Johnny Gaudreau alikuwa mdogo wa mwili, Calgary wakampata nafasi ya 104 mwaka 2011. Mwaka huohuo Nikita Kucherov aliteremka hadi nafasi ya 58, Tampa Bay wakamwokota. Miaka mitatu baadaye timu hiyohiyo ikampata Brayden Point nafasi ya 79. Wote watatu wakaja kuwa nyota. Timu moja inapopata wachezaji wa namna hiyo wakati wengine wamewapita, mimi siiti bahati. Kuna watu waliokaa jukwaani wakaangalia vizuri.

Makipa sitawagusa sana. Wanachelewa kukomaa na sipendi kujifanya mjuzi. Connor Hellebuyck alichaguliwa wa 130 mwaka 2012, mwaka ambao Edmonton walimchagua Nail Yakupov wa kwanza, na mwaka 2025 Hellebuyck ndiye aliyepewa tuzo ya Hart ya mchezaji bora wa ligi nzima. Mwachie muda kipa.

Na tena narudia, usihesabu mabao. Orodha za watu zisikutishe. Mwaka 2015 Boston walikuwa na nafasi ya 13, 14 na 15, zote tatu mfululizo, wakachagua watu wengine na kuwaacha nyota wawili. Nafasi ya 16 Islanders wakamchukua Mathew Barzal, ya 17 Winnipeg wakamchukua Kyle Connor. Wale waliokaa meza ya Boston walikuwa na mishahara, video na watu kila ligi. Fedha inakununulia tiketi ya ndege. Subira ya kumwangalia mtoto mmoja dakika zote 60 unaileta wewe mwenyewe, na hiyo hata anayefanya kazi ghalani anaweza kuwa nayo. Vijana wetu huku ughaibuni tumezoea kusubiri mtu atupe ruhusa. Acheni kusubiri. Andika, weka tarehe, tunza. Daftari lenye tarehe halibishaniwi na mtu anayecheka.

Sasa nikurudie wewe wa Edmonton. Hapo mjini una Oil Kings, timu ya ligi ya vijana ya magharibi, wanachezea Rogers Place. Tafuta wikendi wanayocheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo, halafu uende ile ya Jumapili, wakati miguu imechoka na kila mtu anaonyesha tabia yake halisi. Kaa juu, kwenye kona, sehemu unayoona barafu nzima. Chagua beki mmoja mzaliwa wa Julai au Agosti ambaye mwaka huu anaingia drafti. Kila kisahani kinapotupwa nyuma yake, andika amegeuza shingo mara ngapi kabla ya kukigusa, na kimetoka eneo lake au hakikutoka. Nitumie ukurasa mmoja, nitausoma wote na kukujibu. Mechi imeisha ngapi kwa ngapi usiniandikie.