Kwa nini magando ya kamba wa Naivasha hayalingani?

SWALI: Mhariri, kamba wekundu tunaowavua katika Ziwa Naivasha huwa na miili inayolingana, lakini baadhi yao wana magando makubwa mno. Je, hao ni wazee?

JIBU: Ndugu msomaji, mara nyingi tofauti hiyo ni ya jinsia, si ya umri. Kamba hawa wenye asili ya Marekani, ambao walipandikizwa Naivasha mwaka 1970, hukua kwa kujivua gamba: la zamani hupasuka, kamba hutoka akiwa laini, kisha hufyonza maji na kutanuka kabla gamba jipya halijawa gumu. Dume anapopevuka, magando yake hukua haraka kuliko mwili, kwa kuwa huyatumia kupigana na kumshika jike. Jike abebaye mayai chini ya mkia hajivui gamba, hivyo ukuaji wake husimama kwa muda.

Hata hivyo, usitegemee magando pekee, kwani gando lililokatika huota upya likiwa dogo. Mgeuze kamba chali: dume ana vijiguu vigumu vilivyolala kuelekea mbele, katikati ya miguu ya kutembelea, ilhali jike ana kishimo kidogo karibu na miguu ya nyuma, ambamo huhifadhi mbegu za dume.