Hao "wote" wametoka wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naishi Atlanta, Marekani. Mimi na mwenzangu tunafasiri makala kuhusu historia ya futiboli ya Kimarekani katika vyuo vya Kusini mwa Marekani. Karibu kila mchezaji wa zamani anatajwa kuwa alikuwa "All-Southern" mwaka fulani, yaani aliwekwa katika orodha ya wachezaji bora wa Kusini, na wachache wao "All-American", yaani bora wa nchi nzima. Mwenzangu ameandika "Nyota Wote wa Kusini". Mimi napendelea "Kusini Nzima". Tumebishana wiki nzima. Nani yuko sahihi? Na je, "kombaini" haiwezi kutufaa?

JIBU: Marahaba. Hakuna aliye sahihi kati yenu, ila mwenzako amekosea zaidi. Nakushukuru sana kwa kuniletea huyo "nyota wote" hadi mlangoni, maana nimemvizia miaka mingi.

Kila Februari, ligi ya kikapu ya Marekani inapofanya mechi yake ya nyota, watangazaji wetu hutangaza "Mchezo wa Nyota Wote". Nami hukaa sebuleni nikiuliza ukuta: wote? Wote kabisa? Kwa Kiswahili "wote" ni neno lisilobakiza mtu. Ukisema wanafunzi wote wamefika, na mmoja yuko nyumbani na homa, umesema uongo. Ukisema wageni wote wamekula, na shangazi bado anasubiri sahani kule nyuma, jiandae kwa maneno. Sasa timu ya nyota kazi yake hasa ni kuacha watu. Kumi na mmoja wanaingia, mamia wanabaki nje, na mashabiki wa walioachwa wanatukanana hadi msimu unaofuata. Timu yenye nyota wote kweli haitoshi uwanjani, labda ipangiwe treni.

Kosa limetoka wapi? Mfasiri ameona neno la Kiingereza "all", lenye maana ya "wote", limeshikamana na "star", yaani "nyota", akalibeba kama lilivyo. Lakini pale halihesabu nyota. Linaeleza timu imeundwa na watu gani: kwamba ni nyota peke yao, hakuna wa kuchanganywa. Kiswahili kina neno la kazi hiyo tangu zamani, nalo ni "-tupu". Darasa la wasichana watupu. Mkutano wa wazee watupu. Kwa hiyo tafsiri iliyonyooka ingekuwa "kikosi cha nyota watupu". Ijaribu gazetini kesho, uone wasomaji watakavyouliza jezi zao zimechukuliwa na nani.

Basi tuache. "Kikosi cha nyota" kinatosha. Mswahili akisikia hivyo hafikirii kwamba wamo na wauza karanga waliookotwa getini.

Mfano ninaoupenda ni wa Chicago, na utaniruhusu nikae nao kidogo. Mwaka 1933, Arch Ward, mhariri wa michezo wa Chicago Tribune, alianzisha mechi ya nyota wa besiboli. Mwaka uliofuata akaja na ya futiboli: vijana bora waliomaliza vyuo, wakichaguliwa kwa kura za wasomaji wa magazeti, dhidi ya mabingwa wa ligi ya kulipwa. Walikutana na Chicago Bears katika uwanja wa Soldier Field. Matokeo: suluhu, 0-0. Sasa andika habari hiyo kwa mtindo wa mwenzako: "Nyota Wote watoka suluhu na Bears." Nyota wote! Nchi yenye vyuo vingi namna ile imekusanya kila nyota iliyenaye, na hakuna aliyepata pointi hata moja. Na kama nyota wote walikuwa upande ule, Bears walichezesha nani? Mechi hiyo iliendelea hadi 1976, mwaka ambao mvua kubwa iliikatiza kabla haijaisha, na haikurudi tena. Ningependa kuamini kwamba "nyota wote" nao walisombwa na maji siku hiyo. Bahati mbaya waliogelea hadi kwetu.

Nije kwako. "Nzima" ni kosa la heshima kidogo, kwa sababu umefikiri. Unajua kwamba "-ote" na "-zima" hazilingani: siku zote si siku nzima, na aliyekula mikate yote hakula sawa na aliyekula mkate mzima. "-zima" hutaja kitu kimoja pasipo kukimega. Kusini ni moja, kwa hiyo "Kusini nzima" inasemeka, ingawa mimi, kwa kuwa ni mahali, ningesema "Kusini kote". Sitagombana nawe kwa hilo. Tumevumilia makubwa zaidi.

Ugomvi unakuja ukihamisha "-zima" kutoka kwenye nchi kwenda kwa mtu, kwa sababu utafika kwenye "All-American" na mkono utakutuma uandike "Mmarekani mzima". Nimeiona kwa macho yangu katika wasifu wa mwanamichezo mmoja. Mtu akiwa mzima, maana yake yu hai, au haumwi, au si mtoto. Chukua William Heffelfinger, yule jitu la Minneapolis aliyechezea Chuo Kikuu cha Yale, akateuliwa kuwa "All-American" mwaka 1889, 1890 na 1891. "Alikuwa Mmarekani mzima mara tatu mfululizo." Alhamdulillahi! Na 1892 je, alipatwa na nini? Mwaka huo alipokea dola 500 kucheza mechi moja mjini Pittsburgh, na ndiye anayetajwa kuwa mchezaji wa kwanza wa kulipwa katika mchezo huo. Kwa hiyo, kwa tafsiri hii, alikuwa mzima hadi alipopata hela.

Asili ya jambo lenyewe nitaigusa tu. Waingereza walikuwa na timu ya kriketi ya kuzunguka nchi tangu 1846 iliyobeba jina la Uingereza yote, na Wamarekani wakaazima mtindo huo wa majina. Yatosha.

Tuingie sasa kwenye kile ambacho kingewaokoa ninyi wawili msibishane wiki nzima: kabla ya kutafuta neno, ulizeni kitu chenyewe ni nini. Hicho kikosi cha Kusini kilikuwa timu? Hakikuwa. Kilikuwa orodha ya majina gazetini. Hakikuwahi kufanya mazoezi, hakikuwa na kocha, hakikupanda basi. Mwandishi alikaa mezani baada ya msimu, akaandika majina 11, moja kwa kila nafasi, mhariri akachapisha, na nakala zikauzika.

Mtindo ulianza mwaka 1889 kwa orodha ya kitaifa inayohusishwa na Walter Camp wa Yale na mwandishi Caspar Whitney. Tazama ilivyogawanywa: watano wa Princeton, watatu wa Yale, watatu wa Harvard. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa "Marekani yote", nchi unayoweza kuimaliza kwa safari ya treni ya siku moja. Ilibidi ifike 1898 ndipo Camp akamweka katika kikosi chake cha kwanza mchezaji wa Magharibi, Clarence Herschberger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Na hapo utaona kwa nini magazeti ya mikoani yalianza kutengeneza orodha zao. Kama jamaa wa Mashariki hawakuoni, unajiona mwenyewe. Chicago wakatoa kikosi cha Magharibi, Atlanta na Nashville wakatoa cha Kusini, na pwani ya Pasifiki wakatoa chao.

(Angalizo kwa mfasiri: "Magharibi" ya magazeti yale ilikuwa Chicago, Michigan, Wisconsin, Minnesota. Siyo California. Ukiandika "Magharibi" bila kueleza, msomaji wako wa Morogoro atawapeleka vijana hao ufukweni.)

Na walioteua walikuwa nani? Watu wenye timu zao mioyoni, wakati mwingine mikononi. Walter Eckersall aliwahi kuwa nyota wa Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akawa mwandishi wa Chicago Tribune aliyeteua vikosi vya Magharibi, na kati ya shughuli hizo alikuwa pia mwamuzi wa mechi. Yaani anapuliza filimbi Jumamosi na kuiandika mechi Jumapili. Kusini, John Heisman naye alitoa orodha zake akiwa kocha wa Georgia Tech, huku vijana wake mwenyewe wakiwa miongoni mwa wagombea. Grantland Rice, mwana wa Tennessee aliyepitia magazeti ya Nashville na Atlanta kabla ya kuhamia New York, ndiye aliyerithi orodha ya taifa katika jarida la Collier's baada ya Camp kufariki mwaka 1925. Mwaka huohuo shirika la habari la Associated Press likaanza kutoa ya kwake. Orodha zilikuwa nyingi na hazikufanana. Mchezaji aliweza kuwa bora wa Kusini kwa gazeti moja na asitajwe kabisa na la pili katika mji uleule.

Ndiyo maana nachukia hii "wote" kuliko inavyostahili kosa la kawaida la tafsiri. Inaficha watu wawili: aliyechagua na aliyeachwa. Aliyeachwa hakuachwa kwa bahati mbaya. Vikosi vya "Kusini kote" katika miaka hiyo vilitoka katika vyuo vya wazungu tu, kwa sababu vyuo vilitengwa kwa rangi na magazeti makubwa yaliufuata utengano huo. Tuskegee, chuo cha Wamarekani weusi, iko Alabama, katikati kabisa ya Kusini, na ilikuwa moto wa kuotea mbali katika miaka ya 1920 chini ya kocha Cleve Abbott. Wachezaji wake hawakuwa "Kusini kote" kwa mhariri wa Atlanta. Walisomwa katika magazeti ya Wamarekani weusi kama Pittsburgh Courier, ambalo liliteua vikosi vyake kutoka vyuo vya weusi. Sasa mimi niandike "Nyota Wote wa Kusini"? Kwa mkono wangu?

Kiingereza kinaruhusu sifa hiyo ibandikwe kwenye jina la mtu, habari ikaishia hapo. Kwetu lazima utafute kitenzi, na hiyo ni faida: aliteuliwa. Ukishasema aliteuliwa, msomaji anauliza na nani, nawe inabidi urudi kwenye makala yako uangalie. "Aliteuliwa na Heisman katika kikosi bora cha Kusini mwaka 1910." Sentensi imekaa.

Nimelitumia neno, basi nilitetee. "Kikosi bora" mnalijua tayari: kikosi bora cha wiki, kikosi bora cha msimu. Mashabiki wa Simba na Yanga wanalitumia kila Jumatatu, na hakuna anayedhani kwamba kikosi hicho kitashuka uwanjani. Ni cha kwenye karatasi, kama kile cha Kusini. Usiandike "kikosi cha taifa" kwa ile orodha ya Camp. Utaambiwa Marekani ilicheza na Kanada. Andika "kikosi bora cha vyuo vya Marekani". Wapo watakaokupendekezea "kikosi teule", na Kenya linasomeka vizuri. Mimi "wateule" wananikumbusha mahubiri, lakini sikuzuii.

Kombaini, sasa. Nalipenda neno hili, na wanaolicheka kwa kuwa limetoka kwa Mwingereza waniambie kwanza "timu" limetoka wapi. Lakini kombaini inacheza. Waulize waliopita UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania: kombaini ya mkoa huwekwa kambini, hugawiwa jezi, hulalamikia maharage, halafu huingia uwanjani na kupigwa na kombaini ya mkoa jirani. Orodha ya gazeti haijawahi kulalamikia maharage. Kwa hiyo neno hili litunzeni kwa ajili ya mechi kama ya Mashariki na Magharibi iliyoanza San Francisco mwaka 1925 kuchangia hospitali za watoto za chama cha Shriners, ambako wachezaji wa vyuo mbalimbali walikusanywa kweli, wakafundishwa, wakagongana. Hapo ni "kombaini ya Mashariki" na "kombaini ya Magharibi". Wale vijana wa Arch Ward nao, kombaini ya vyuo.

Nisije nikaonekana nina kisa na "wote" popote linapotokea. Mkifika kwenye makala za miaka ya karibuni mtakuta kwamba chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kinahesabu orodha tano rasmi: ya Associated Press, ya waandishi wa futiboli, ya makocha, ya Sporting News, na ya taasisi yenye jina la Walter Camp. Anayetajwa na wengi wao hupata daraja moja, na anayetajwa na kila mmoja hupata daraja la juu zaidi. Huyo wa pili mwandikeni "aliteuliwa na wateuzi wote watano". Mwenzako akitaka kulipigia mstari, apige.