Weka nyundo chini, usivunje huo ukuta

Mkuu, unataka duka lako la mikate liwe pia pa majirani kukaa, ukauliza viti gani ununue, kona ya watoto uiweke wapi na jioni za hadithi uzipange vipi. Halafu katikati ukachomeka kwamba Jumatatu fundi anakuja kuvunja ukuta kati ya chumba cha kukandia na ukumbi, ili majirani wajione wako nyumbani. Nimesoma mstari huo mara mbili. Mimi niliuvunja wa kwangu.

Aliyenishauri alikuwa mpambaji wa maduka. Alisema watu wanapenda kuona mkate ukitengenezwa, na kweli wanapenda. Lakini hakuwahi kukanda unga maishani mwake, na alishachukua pesa yake yote kabla matatizo hayajaanza. Hasira bado ninayo.

Mlango wa mbele ukifunguliwa, upepo unafika mpaka mezani. Donge la unga linataka hewa iliyotulia, joto la nyuzi 24 hadi 27 hivi. Yangu yakawa yanafanya ngozi kavu juu, saa ya kuumuka inapita na mkate haujapanda. Oveni nayo ina nyuzi 230. Kila nikiifungua, wazee waliokaa karibu wanatoka jasho.

Na kila anayeingia ananisalimia, nami naitikia, maana ndicho nilichowaitia. Asubuhi moja napima chumvi, jirani akaanza kunieleza msiba wao. Ungemkatiza? Nilimsikiliza, nikakanda kilo 40 za unga bila chumvi. Chumvi ni kama gramu 20 kwa kila kilo ya unga, na kazi yake si ladha tu: isipokuwepo hamira inaumua ovyo, donge linalegea na kunata mikononi. Nilitupa zote.

Kilichonimaliza ni vumbi. Unga ukimwagwa kwenye mashine unaelea hewani muda mrefu. Pumu ya waokaji inatokana na vumbi hilo, ndiyo maana tunavaa barakoa, na mimi nilikuwa nimewakalisha watoto humo humo! Mtoto mmoja mwenye pumu alianza kubanwa kifua, mama yake akambeba akatoka mbio. Alipata nafuu, nashukuru. Mama hakurudi tena, na simlaumu.

Nikafunga duka wiki tatu, nikajenga ukuta upya, safari hii una kioo kipana kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuujenga kulinigharimu zaidi ya kuuvunja. Watoto wanabandika pua kiooni, wanaona kila kitu.

Kwa hiyo shika hili moja: unga nyuma ya kioo, watu mbele ya kioo. Nikishaingiza mikate ya mwisho ovenini navua aproni, nanawa, natoka kukaa nao nusu saa. Yule jirani wa msiba huwa ananiwekea kiti.

Mpigie fundi leo, usingoje Jumatatu. Mwambie alete vipimo vya kioo.